Maiki ya Malampaka

Kaa vizuri nikueleze, na nikimaliza usiniulize nilikuwa nimekunywa nini, maana mimi sinywi. Haya yalinipata mwenyewe, mchana, jua likiwa kali na watu wakiwapo. Ingekuwa usiku ningesema labda macho yalinichezea. Lakini mchana wa Malampaka, utamsingizia nani?

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika. Maduka ya Bariadi yaliyozoea kuuza sabuni na chumvi yakajaa redio kaseti, betri, saa za ukutani na kaseti tupu za kila rangi. Mimi nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba, nikakifanya cha kurekodia. Ukutani niligongelea magunia ya pamba ili sauti isirudi, dirisha nikaliziba kwa godoro. Humo nilirekodi kwaya, na waimbaji wa ngoma waliotaka kusikika kwenye kaseti kama watu wa mjini.

Maiki yangu ilikuwa ya kawaida, ya kushika mkononi, kama zile za mikutano ya hadhara. Kwa mtu mwenye koo la kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, ilitosha. Kwa shangazi yangu Kabula haikufaa kitu.

Shangazi Kabula aliishi Nkololo. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na zamani alikuwa mwimbaji ambaye watu waliacha majembe shambani wakaja kumsikiliza. Aliimba na mumewe, Luhende. Yeye akianzisha, mumewe anaitikia. Kisha Luhende akapanda treni Malampaka kwenda kutafuta kazi, mimi sijazaliwa, na hakurudi. Haikuja barua, haikuja habari ya msiba. Shangazi hakuolewa tena. Aliendelea kuimba peke yake, na sasa kifua kilikuwa kimemkamata, sauti imeshuka mpaka umsogelee ndipo umsikie. Nyimbo zile, katika ukoo wetu mzima, alikuwa amebaki nazo yeye tu.

Nilikwenda kumrekodi. Ile maiki ilitaka aiweke mdomoni kama mtu anayeng'ata hindi. Nilipomsikilizisha kaseti, kilichotoka kilikuwa pumzi na mvumo wa mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia hedifoni. "Huyo si mimi," akasema, na siku ile hakuimba tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaikia maiki ya kondensa. Kama hujui, hiyo ni maiki inayotumia umeme wake yenyewe, nyingine hutiwa betri ndogo ndani, nayo hunasa sauti ya chini kabisa bila kusogelewa. Ubaya wake ni huo huo, inanasa kila kitu: kuku, upepo, mvua kwenye bati. Mwanza nilionyeshwa moja nzuri, ila ilihitaji kisanduku chake cha umeme, na hata ningeuza ng'ombe nisingeifikia. Nyingine, sokoni, ilikuwa imeandikwa kondensa ubavuni. Tulipoifungua hatukukuta hata mahali pa kuweka betri. Tangu siku hiyo sikununua kwa macho. Nilitembea na redio kaseti yangu na hedifoni, muuzaji akinionyesha maiki naichomeka palepale nasikiliza.

Malampaka nilifika kwa lori la pamba, kwa sababu niliambiwa wachuuzi wanaoshuka na treni huwa na vifaa vya nje kwa bei ya kuelewana. Nilichelewa. Treni imeshapita, wachuuzi wametawanyika. Ng'ambo ya reli mama mmoja alikuwa anapepeta karanga, na kuku wanamzunguka. Nikakaa kwenye benchi la stesheni, nimechoka na nimekasirika.

"Mwadila," mtu akanisalimu, salamu ya kwetu ya mchana. Nikaitikia. Alikuwa mwanamume wa rika langu, amevaa koti la kaki la mshono wa zamani, ana mfuko wa kitambaa begani. Akakaa kando yangu, akaitazama redio kaseti mapajani mwangu, akafungua mfuko. Alikuwa na maiki tatu, zimeviringishwa kwenye kipande cha khanga.

Wauzaji wote waliotangulia walikuwa wameniuliza nina hela kiasi gani. Yeye aliuliza, "Unataka kunasa sauti ya nani?"

Nikamweleza habari za shangazi wa Nkololo, kwamba aliimba sana, na kwamba sauti yake inakwisha. Akatazama reli inakoelekea.

"Bado anaimba?"

Nikamwambia bado.

Tukajaribu maiki. Ya kwanza ilichemka masikioni kama mafuta ya kukaangia. Ya pili waya wake ukiguswa inakata. Ya tatu ilikuwa ndogo, imechubuka rangi, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Akaniambia nitie betri, nivae hedifoni, nibonyeze na kitufe cha kurekodi kabisa, ili nikifika nyumbani nisikilize tena kwa utulivu. Nikafanya hivyo.

Niamini, sijawahi kusikia vile. Nilisikia karanga zikianguka kwenye ungo ng'ambo ya reli, moja moja. Nilisikia kuku akichakura. Nilisikia shati langu likigusana na ngozi yangu. Nikamgeukia yule mtu kumwambia nimeipenda, nikaona anaongea. Midomo inatembea, mkono unaonyesha maiki, na mimi sisikii hata neno.

Nikavua hedifoni. Sauti yake nikaisikia vizuri tu, nzito, ya taratibu. Nikavaa tena, kimya, na karanga zinaendelea kuanguka.

Nikamwambia, ndugu, maiki yako inabagua watu. Akatabasamu, akasema haijazoea sauti yake, niseme mimi. Nikasema, na nilijisikia kama niko ndani ya kichwa changu. Basi nikaamua kwamba amekaa upande mbaya wa maiki. Wewe ungeamua nini? Mtu unayezungumza naye mchana kweupe, bega kwa bega, ungemdhania nini kingine?

Nikamlipa. Akaniomba jambo moja, nianze na yule mama wa Nkololo. "Kwaya zitasubiri," akasema. Nikainama kufunga begi langu, na nilipoinuka benchi lilikuwa langu peke yangu. Reli kule imenyooka, huoni mti wala kibanda cha mtu kujificha. Nikavuka kumuuliza yule mama wa karanga amekwenda upande gani. Akanitazama kwa huruma. Alisema hakumwona mtu. Aliniona mimi tu, nakaa pale naongea, akadhani ni mhubiri anajizoeza.

Nilipofika Bariadi nikaiweka ile kaseti, mke wangu akiwa anakatakata mboga karibu. Sauti yangu ikatoka safi. Nauliza maiki inakaa na betri muda gani, halafu kimya na karanga. Nasema, aa, kumbe. Kimya. Nacheka. Kimya. Mke wangu akaweka kisu chini. "Ulikuwa unaongea na nani?" Alitaka niirudishe ile maiki Malampaka siku ileile, na ukweli ni kwamba hata mimi nilitaka kuizika. Lakini ikaja habari kutoka Nkololo kwamba shangazi amezidiwa na anauliza ninakuja lini. Nikaweka maiki kwenye begi, nikapanda baiskeli.

Nilimkuta ameketi kitandani, ameegemezwa mto. Ng'ombe walikuwa malishoni, nyumba imetulia. Sikumwambia lolote la Malampaka. Ungemwambiaje mgonjwa? Niliiweka maiki juu ya kigoda, mbali naye kidogo, nikamwambia asishike kitu, aimbe kama anavyoimba akiwa peke yake. Nikavaa hedifoni.

Akaanzisha. Ile sauti ambayo ungeinamia kuisikia ilinijia nzima, na kukwaruza kwake, na pumzi zake, na ule utamu ambao baba yangu alinihadithia nikamwona mwongo. Akamaliza ubeti wa kwanza. Akanyamaza.

Nikadhani ni kifua. Ndipo masikioni mwangu sauti ya mwanamume ikaitikia.

Ilikuwa nzito na ya taratibu. Nikavua hedifoni kwa kasi. Chumbani palikuwa na sisi wawili, na shangazi amefunga mdomo, anatazama mlangoni, kichwa anakitikisa polepole kama anayehesabu mapigo. Kimya kabisa. Nikavaa tena, na yule mtu anaimba, sasa karibu, kana kwamba ameketi kando ya kile kigoda. Ilikuwa ndiyo sauti ya benchi la Malampaka. Ile iliyokataa kuingia kwenye waya kule, hapa iliingia yote.

Shangazi akapokea ubeti wa pili. Wakaimba hivyo mpaka upande wa kaseti ukaisha, yeye na mwenzake, na mimi katikati nikilia bila kujua ninalilia nini. Sikuogopa. Mpaka leo najishangaa. Nilijiona mdogo tu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wakubwa.

Nikarudisha kaseti nyuma, nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza amefumba macho. Mwishoni akasema, "Amechelewa kidogo kuingia pale. Alikuwa hivyo hivyo siku zote."

Hapo nikamweleza yote: stesheni, koti la kaki, zile maiki tatu. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu.

"Alionekana amechoka?"

"Hapana, shangazi."

"Basi," akasema, akajilaza.

Aliishi mpaka pamba ya msimu uliofuata ikavunwa, na watu wanasema alikufa akiwa mwepesi wa moyo. Kaseti ninayo. Vijana waliowahi kuisikia husema nimebandika sauti mbili kwa mashine, nami mashine ya namna hiyo sijawahi kuimiliki. Mzee mmoja wa Nkololo aliyemjua Luhende aliisikiliza ubeti mmoja, akatoka nje akasimama na ng'ombe wake, wala hakurudi ndani kuaga. Maiki nayo inafanya kazi. Nimerekodi nayo kwaya na harusi, sijasikia tena kitu kisichokuwapo. Ila nimebadilika. Siwezi tena kukaa na mtu mzee nikamkatiza.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayerekodi wazee wako. Pale shangazi aliponyamaza, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima. Nilitaka kuokoa utepe. Pumzi moja zaidi ningekibonyeza, na yule mtu aliyetoka huko alikotoka angefika akakuta nimefunga. Mzee akinyamaza katikati ya wimbo, mwache anyamaze. Toa kidole chako kwenye kitufe. Huenda anampisha mtu.