Mama wa Balozi Haondoki Kwamndolwa

Nicolaus alikuwa anaitwa kukalisha meza moja nchi zilizogombana. Mimi niliyeishia darasa la tano nilimshinda hapahapa Kwamndolwa, tena nimelala chali. Bingwa ni bingwa.

Huyu ni balozi wa kweli, wa kuwakilisha nchi huko kwenye theluji. Baba yake, mzee Yordani, Mnyamwezi, aliletwa kukata mkonge. Mama yake, bibi Grasiana, alimsomesha kwa vitumbua, beseni kichwani kila asubuhi mpaka sokoni Manundu. Mtoto akafaulu, akamaliza chuo kikuu, akaingia Mambo ya Nje. Alianza kwa kubeba mikoba ya wakubwa, akapanda, akapewa ubalozi, akahamishiwa mwingine. Sauti hapandishi. Anakutukana unajikuta unasema asante. Hilo simnyimi.

Lakini baba yake anakufa, balozi yuko mkutanoni. Mama anaugua, balozi yuko mkutanoni. Aliyekuwa anamgeuza bibi kitandani ni Mwantumu, jirani tu, hata dini si moja. Ndiye aliyeambiwa na bibi: mnilaze kando ya Yordani.

Basi bibi kafa, kaburi tumechimba, balozi ndio anafika na gari jeusi. Eti maziko Dar. Eti wakubwa hawawezi kuja huku kwenye vumbi. Jeneza likapakiwa. Nilishikwa na hasira.

Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Msibani, mtani asiporuhusu maiti haiondoki, na mfiwa haruhusiwi kumkasirikia. Nikapanda garini, nikajilaza ubavuni mwa jeneza, mikono kifuani.

"Ndugu yangu, shuka tuzungumze," balozi akasema, sauti laini ile ya mikutanoni.

"Zungumza na mama yako. Mimi mwenyewe marehemu, huoni?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna viongozi wananisubiri Dar."

"Nyie wapagazi bwana. Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani, na wewe ukiona kitu kimefungwa tu unataka kukipeleka pwani. Huu si mzigo, Nicolaus. Huyu alikuzaa. Alipokuwa anakuita mwaka mzima, gari hili lilikuwa halina mafuta?"

Hapo sauti laini ikamkimbia. "Shuka, mpumbavu wewe, kabla sijakuitia polisi!"

Mwantumu akatoka kwenye mafiga na mwiko mkononi.

"Baba, umemtishia mtani polisi? Mbele ya mama yako?"

Balozi akamgeukia mzee Habakuki, mdogo wake marehemu Yordani. "Baba mdogo, mwambie huyu mtu ashuke."

Mzee hata hakumtazama. "Ungemjibu utani tungekusikiliza. Ukishamkasirikia mtani, msiba si wako tena." Akawageukia vijana. "Shusheni jeneza."

Miaka yote ya kupatanisha mataifa, na mila ya uani kwao haijui. Mtoto wa darasa la pili hapa anaijua.

Tukamzika bibi kando ya mumewe. Siku hizi wapo wanaoniambia niache kumsema, mwishowe si alikubali. Nani alikubali? Alishindwa. Mtu aliyekubali anainama, anamtupia mama yake udongo kwa mkono wake. Yeye alisimama pembeni na simu sikioni, akamtuma dereva amtupie.