Nitundikie

Mimi nashuku watu. Sikatai. Mtaani wananiita Upelelezi, na fundi cherehani asiyeshuku huibiwa hata vifungo. Lakini mtu niliyemshuku kwa muda mrefu kuliko wote ni jirani yetu, Mzee Kimya. Tangu nina miaka saba ametuzibia paa, ametuchotea maji, amembeba mama mgongoni hadi hospitali, na hajawahi kuomba hata kikombe cha chai. Binadamu gani huyo? Nilijua tu ana lake jambo.

Baba alikuwa mchimbaji. Pale mgodini kila mtu alikuwa na kibati chenye namba. Ukishuka unakitoa ubaoni, ukipanda unakirudisha, na mlinzi akitazama ubao anajua nani bado yuko chini. Siku maji yalipovunja ukuta wa shimo, vibati kumi na vinane havikuwepo ubaoni. Watu kumi na wanane hawakuonekana tena, shimo likafungwa. Kibati cha baba, namba arobaini na moja, kilikuwa kinaning'inia mahali pake. Baba mwenyewe hakuwepo. Ofisi ikaandika kwamba ametoka salama, ametoroka familia. Hakuna aliyemtafuta.

Basi mama akawa mke wa mtoro. Hakubishana na mtu. Kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na sita, amelifua na kulipiga pasi shati la baba la buluu, ili akirudi asikose cha kuvaa.

Mwaka huu mwalimu wa shule ya msingi alitunga mchezo wa kukumbuka maafa yale. Mwishoni yangesomwa majina ya marehemu, kisha yachongwe ukutani. Nikamwendea.

"Mwalimu, muweke na baba."

"Ushahidi uko wapi, dada yangu? Kibati kilikuwa ubaoni."

Nikaomba nafasi ya kuigiza, nikapewa ya mke anayesubiri getini. Nilitaka niwe karibu, nione nani atababaika.

Mzee Kimya aliitwa kutufundisha, maana ndiye mchimbaji pekee aliyebaki wa zamu ile, akapewa na nafasi ya mlinzi wa ubao. Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka siku ya tatu. Kinyozi wetu, mvivu wa kutupwa, alikuwa anaigiza mchimbaji. Akachoka kusimama kwenye foleni, akamrushia mwenzake kibati chake: "Nitundikie, nakuja."

"Hilo neno lisitamkwe hapa!"

Mzee Kimya! Mtu ambaye sauti yake haijawahi kuvuka ua wake! Tuliruka sote.

"Kwani lina nini, mzee?" nikauliza taratibu, kama natunga uzi kwenye sindano.

"Lilikatazwa mgodini."

Loh! Kitu hakikatazwi mpaka kiwe kinafanywa. Siku ile nilishona suruali tatu na zote nilizikosea. Kama watu walikuwa wakitundikiana vibati, cha baba kilitundikwa na mkono wa nani?

Nikamfuata kinyozi kibandani kwake, nikamwahidi koti jipya la kazi. "Siku ya mchezo, mrushie mzee mwenyewe. Na useme neno lile lile."

"Upelelezi, utamuua mzee wa watu!"

"Wewe rusha tu."

Siku ikafika. Ukumbi wa shule ulijaa, mama kakaa mstari wa mbele. Kinyozi akapanda ngazi ya mbao, akarusha: "Nitundikie, kaka, nakuja!"

Mzee Kimya akakidaka. Hakukitundika. Alikitazama hadi watu wakaanza kukohoa. Mwalimu akamnong'oneza maneno yake kutoka nyuma ya pazia. Hakuyasema.

"Alisahau tindo lake," akasema. "Tulikuwa tumeshafika kwenye ngazi. Akanipa kibati chake, akaniambia maneno haya haya, akarudi ndani. Nikapanda, nikatundika viwili. Foleni ilikuwa ndefu, sote tulikuwa tunafanya hivyo. Maji yakaja kabla sijavua kofia."

Nikasahau kwamba naigiza. "Baba yangu! Na kwa nini hukusema? Wangemtafuta!"

"Niliogopa, binti yangu. Wangesema nimemuua. Walipoandika ametoroka, nikajiambia afadhali hivyo. Mtoro hurudi."

Nilitaka kumrarua. Sisemi uongo, mkono niliunyanyua mbele ya watu wote. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa juu ya paa letu, kinapigilia misumari. Kilichonizuia ni mwalimu, aliyetoka na karatasi yake. Akasoma majina kumi na manane. Akasita, akachomoa kalamu, akaandika. Kisha akasoma la baba.

Nililisikia jina lile kwa sauti, mbele za watu. Nikakaa pale pale jukwaani.

Mama alikuwa ameshasimama. Akaja mpaka mbele ya Mzee Kimya, akamtazama. Nikasema leo atamtemea mate.

"Alisema nini alipokupa?" akauliza.

"Alisema, nitundikie."

"Halafu?"

Mzee akafuta macho kwa mkono wenye kibati. "Akasema, nakuja."

"Alisema anakuja?"

"Ndiyo, mama. Alisema anakuja."

Mama akaitikia kwa kichwa, akanigeukia mimi. "Umesikia? Shati lake sikulipiga pasi bure."