Punje ya Kahawa Iliyounganisha Vijiji Viwili

Redioni wakianza ule mjadala wao kwamba mikoa midogo jirani iunganishe serikali, mimi huzima redio. Wajukuu hulalamika. Walalamike tu, redio ni yangu na betri nimenunua mimi. Hao wasomi wanazungumzia kuungana kana kwamba ni kuchanganya maharage na mahindi kwenye sufuria moja. Mimi nimewahi kuunganishwa. Waje waniulize mimi.

Kwetu ni upande wa Muleba. Enzi za ujamaa, sehemu nyingine za nchi watu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kuishi pamoja. Sisi hatukuhamishwa, maana mgomba haupandi lori. Ikabidi wahamishe mipaka. Alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, suruali ya kaki imenyooshwa vizuri, akasimama kilimani. Akaona kijiji chetu, akaona na kile cha ng'ambo, na katikati kijito ambacho mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo. Akasema, "Ndugu zangu, hivi ni vijiji vidogo mno. Unganeni muwe na serikali moja."

Yesu na Maria! Kuungana na wale?

Wale walikuwa watu kama sisi kabisa. Kihaya kilekile, kahawa ileile, vibanja vilevile vya migomba. Lakini hebu mwambie hivyo mtu wa kwetu uone. Ati wale rubisi yao, pombe ya ndizi, ilikuwa maji matupu, ati walikata ndizi zikiwa changa, na tena wengi wao walikuwa Walutheri. Mwenyekiti wetu alikuwa baba yangu mzazi. Alikuwa na muhuri wa kijiji na alitembea nao mfukoni hadi harusini. Mwenyekiti wa ng'ambo naye alikuwa na muhuri wake, mkubwa kidogo kuliko wa baba, jambo ambalo baba hakumsamehe kamwe.

Basi ikawa mikutano juu ya mikutano. Siku moja walibishana tangu asubuhi ofisi ijengwe upande gani. Mtu mmoja wa kwetu akasimama akapendekeza ijengwe katikati kabisa, yaani ndani ya kijito. Nyie mnacheka, lakini yeye hakuwa anatania, na watu walimpigia makofi. Ila la ofisi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kiti. Kijiji kimoja, mwenyekiti mmoja, na kati ya wazee wale wawili hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyumbani kuwa mume wa mtu tu.

Sasa niwaambie yangu. Nilikuwa binti mkubwa, na katika vijiji vyote viwili hakuna mtu aliyeutaka muungano kama mimi. Mtoto wa mwenyekiti wa ng'ambo alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Jioni alivuka kuja kuwafundisha mama yangu na wenzake kuandika. Mimi kusoma nilijua tangu shule ya msingi, lakini nilihudhuria, tena nilikaa mbele. Tukapendana. Aliniambia kahawa ikishavunwa atamtuma mjomba wake aje kuniposa. Kwa wakati ule tulikaa kimya, kwa sababu baba asingemwoza binti yake kwenye nyumba ya yule mzee wa muhuri mkubwa, labda vijiji viungane kwanza na wao wapatane. Siri hiyo niliijua mimi, mwalimu, na shangazi yangu tu. Niliuombea muungano rozari nzima. Nadhani hakuna serikali nyingine iliyowahi kuombewa namna ile.

Na Mungu akasikia, kwa namna yake. Wazee walichoka, wakasema hawa wenyeviti wawili hawatapatana mpaka wafanye omukago, wawe ndugu wa damu. Kwa asiyejua: tunda bichi la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu, unameza ya mwenzako naye anameza ya kwako. Tangu hapo ninyi ni wa tumbo moja. Hamnyimani kitu, hamgombei kitu, na watoto wenu ni watoto wa mtu mmoja. Mapadre walikuwa wakiukataza sana omukago, kwa hiyo wazee walifunga mlango.

Mimi na shangazi tulikuwa jikoni, nyuma ya nyumba yetu, tunamenya ndizi za wageni. Tuliambiwa tu kwamba wenyeviti wanapatana. Nilimenya huku naimba. Tuliposikia vifijo, shangazi akajitwisha chano cha ebitoke, zile ndizi zilizopikwa, akaingia, nami nyuma yake na mboga.

Baba alikuwa amesimama katikati ya nyumba, shati limepandishwa, tumbo nje, anacheka kama bwana harusi. Mzee wa ng'ambo vilevile. Mwalimu ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwa mlango wa mbele na kibuyu cha rubisi alichoagizwa na baba yake.

"Mawe! Mama yangu!" shangazi akapiga kelele. "Mmefanya nini?"

"Tumekuwa ndugu!" baba akasema.

"Na watoto hawa je?"

"Watoto gani?"

 Shangazi alininyooshea kidole mimi, halafu akamnyooshea mwalimu. Mwalimu akaweka kibuyu chini polepole sana.

Yaliyofuata sijui nicheke au nilie, na mpaka leo nafanya yote mawili. Baba aliagiza maji ya chumvi, akanywa kopo zima, akatoka nje kujitapisha. Mzee wa ng'ambo akajitia kidole kooni, huku anajitetea, "Mimi sikutafuna, nilimeza tu!" Wenyeviti wawili, wameinama kwenye migomba, wanakohoa kwa zamu, na huyu anampiga mwenzake mgongoni. Walitoa kila kitu isipokuwa kahawa. Bwana wa wilaya aliposikia akasema serikali haitambui punje, vijana waoane tu. Wazee walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyelelewa vibaya.

Uchaguzi nao ukawa kioja. Ndugu hamgombei kitu, sivyo? Baba akasimama akasema, "Kiti ni cha ndugu yangu." Ndugu yake akasema, "Hapana waitu, mwenzangu, ni cha ndugu yangu." Wakasukumiana hicho kiti mpaka jua likazama, na mwishowe akachaguliwa mzee mmoja aliyekuwa amelala kwenye mkutano tangu mchana. Aliamshwa akaambiwa ni mwenyekiti. Akauliza, "Wa nini?"

Nilikwenda kwa padre. Akakasirika, akasema ule ni upagani, kwa Mungu si undugu, na atatufungisha ndoa mwenyewe. Nilikimbia mpaka kijitoni kumwambia mwalimu. Akanisikiliza, akatazama maji.

"Mama hali chakula tangu juzi," akasema. "Anasema akituona pamoja atakufa." Halafu akasema, taratibu, "Dada." Alikuwa anajaribu tu jinsi linavyosikika mdomoni. Nikamrushia tope, likampata shingoni. Hakujifuta.

Miaka ikapita. Akaja bwana mwingine wa wilaya, suruali ileile ya kaki, akasema kijiji kimekuwa kikubwa mno, kigawanywe. Vikawa viwili tena, palepale kijitoni. Baba akarudishiwa kiti, akarudishiwa na muhuri wake, akacheza ngoma pamoja na uzee wake wote. Mimi nilikuwa nimeshaolewa kule Rubafu, nikaja kwenye sherehe na watoto wangu. Nikapiga magoti kumsalimia, kisha nikamwuliza, "Tata, vijiji vimetengana. Na nyie je?"

Baba akaacha kucheka. Akashika tumbo lake. "Hii haitoki, mwanangu."

Mwalimu alikuwepo na mke wake. Alinijia mbele ya watu wote, kichwa kimeanza kuota mvi. Nina mume mwema, sina la kumlaumu, lakini moyo uliniuma siku ile kama jeraha bichi.

"Hujambo, dada," akasema.

"Sijambo, kaka."