Pini za Sanduku la Sita

Pale maktaba walimwita Bi Pini, naye aliitika. Kwa miaka ishirini na mitatu alitunza karatasi za mtafiti mmoja, sasa marehemu, aliyemaliza ujana na macho yake akimchunguza mwandishi mmoja wa riwaya. Masanduku kumi na manne: barua, madaftari, mahojiano na kila aliyewahi kumpa mwandishi yule kikombe cha chai. Mwandishi alitoa vitabu vitano. Mtafiti hakutoa hata kimoja. Alikuwa bado anakusanya.

Sheria ya kwanza ya kutunza karatasi ni kutoa pini, maana kutu hula karatasi. Bi Pini alizitoa kwa koleo dogo na kuzitia kwenye mkebe wa maziwa. Mwaka wake wa tatu kazini, alizitoa kwenye mahojiano na dada wa mwandishi, yaliyokuwa kwenye sanduku la sita, na kabla hajaandika namba kwenye kurasa, simu ikalia. Aliporudi, feni ilikuwa imeshafanya yake. Kurasa thelathini na moja zilitapakaa sakafuni, na mtafiti, mwangalifu kwa kila jambo jingine, hakuwa ametia namba hata moja.

Akazipanga kwa kukisia. Ukurasa ambamo dada alisema, "Kaka yule si mtu, na akifa nisiitwe," aliuweka wa mwisho kwa sababu ulikuwa na doa la chai, na doa hilo kwake lilikaa kama tamati. Akaandika namba kwa penseli, mwandiko safi, asimwambie mtu.

Wasomi wakaja. Mmoja aliandika kitabu kuthibitisha kwamba dada alianza na upendo akaishia na laana. Sura ya saba nzima ilihusu doa la chai. Kikapata tuzo. Bi Pini alikinunua, akakisoma, akakisukumia nyuma ya kabati la vyombo. Mumewe alipokikuta akauliza kama ni cha kuwekea sufuria, akajibiwa ndiyo.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo, binti wa dada yule. Alieleza kwamba mama yake alifariki na picha ya kaka yake chini ya mto. Lakini tangu kitabu kitoke, watoto wa mjomba hawakanyagi kwake, hata kwenye msiba.

Bi Pini akamletea sanduku. Mgeni alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akakunja mikono.

"Basi ni kweli. Aliishia hapa."

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Alikuwa na mazoezi ya miaka ishirini.

"Namba hizo ni zangu," alisema Bi Pini. "Kurasa zilipeperuka. Nilizipanga mimi."

"Kwa hiyo upi ulikuwa wa mwisho?"

"Sijui. Wala hakuna wa kumuuliza."

Mgeni hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba hasira za mama yake zilikuwa za asubuhi, kufika mchana ameshasahau, kisha akaomba aandikiwe hayo ya namba.

Bi Pini akaandika nakala mbili, akatia jina lake lote, ambalo wenzake wengi hawakulijua. Moja akampa mgeni. Ya pili ilitakiwa ikae kwenye ukurasa wa kwanza wa mahojiano, isibanduke kamwe. Akafungua mkebe wa maziwa, akachagua pini yenye kutu kidogo.