Uzuri Hauli Panya

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ilikuwa mwaka 2015, nami kijana mwenye kiburi, nimepanga chumba mtaa wa Troyeville, Johannesburg, ambacho wenzangu wa kanisani hawakutaka kukikanyaga kwa sababu nilifuga nyoka humo. Si wenye sumu. Ni wale wembamba waitwao nyoka wa mahindi, ambao watu wa kitongoji cha Randburg huwanunua na kuwafuga majumbani. Kanisani waliniombea nitokwe na pepo. Nikaitikia amina, nikarudi kuwalisha.

Mayai yalikuwa yameanguliwa, nikawa nachagua vitoto vya kubakiza nivizalishe baadaye. Nilimpenda jike mmoja mwekundu mtupu, asiye na doa jeusi, na kaka yake wa rangi hiyohiyo. Lakini hawakula. Wenzao wa kahawia walimeza vitoto vya panya mara tu walipojivua gamba la kwanza, ila hawa wawili niliwapanua mdomo nikawasukumia chakula kwa kibano.

Papa Kalonji, mzee wa Lubumbashi aliyenifundisha ufugaji, aliinama juu ya visanduku vyangu, akanionyesha wa kubakiza: wa kahawia mwenye tumbo lililojaa.

"Chunga huyu, mwana yangu. Bale bekundu habajakula beye benyewe hata siku moja. Ukibazalisha, utazalisha njaa."

"Lakini Papa, watazame walivyo wazuri!"

"Uzuri haikulake panya."

Nikasema moyoni, wivu wa kizee huo. Mchagua nazi hupata koroma, nami nililichagua koroma langu kwa mikono miwili.

Walipokomaa niliwapandisha, na mwanzoni mwa 2019 vitoto vikatoka, vyekundu vyote kama nyanya mbivu. Niliita watu waje kuona. Hakuna hata kimoja kilichokula. Nilivisukumia chakula, vikakitapika. Kila asubuhi nilifunua kifuniko nikakuta kingine kimekauka kando ya bakuli la maji. Mwanangu, kitoto cha nyoka hakilii njaa, na ukimya ule ulinitesa kuliko kilio.

Papa Kalonji alikuja. Nilingoja anikaripie, naye akavua kofia, akashika kibano, tukalisha pamoja mpaka vidole vikafa ganzi. "Eish, mwana," alisema, basi. Hakikupona hata kimoja.

Basi nisikilize. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na udhaifu nao hurithiwa. Ukichagua wa kuzalisha, ngoja kwanza kila mmoja ale mwenyewe, tena na tena. Upapase mgongo wake uone kama umenyooka. Rangi iangalie mwisho. Aliye dhaifu ukishindwa kuachana naye, mfuge, mpende, ila usimzalishe, hata wakikusifia rangi yake Johannesburg nzima.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe moyo wa kujinyima unachokipenda kabla wasiozaliwa hawajakilipia.