Tulivyojitungia kitabu cha kusomea Mahajanga, mimi na mtani wangu Saidi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni bibi wa madarasa machache. Haya yamenipata mwenyewe, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nimezaliwa kisiwa cha Nosy Be. Kiswahili nimekipata ukweni, Tanga.

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilipelekwa kwa shangazi, mji wa bandari wa Mahajanga, mtaa wa Tanambao, nikasome.

Vitabu vya darasa letu mchwa walikwisha kuvimaliza. Mwalimu, kijana mchangamfu, akagawa karatasi. "Andikeni mnayosemezana kila siku. Tutazishona ziwe kitabu."

Hapo ndipo alipojitakia.

Nyuma yangu alikaa Saidi wa Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Ukoo wake na wangu ni watani, kule tunaita ziva. Mtani hakasirikiwi, hujibiwa. Akaandika: "Watu wa Nosy Be hunukia langilangi kwa sababu hawaogi."

(Kisiwa chetu kizima kinanukia ua hilo, hata jikoni.)

Kusoma kwangu kulikuwa kwa kubabaisha. Lakini nilihangaika na penseli mpaka wali ukapoa, na jibu langu likashonwa humo.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka mji mkuu. Akafungua kitabu, na ukurasa wenyewe ukawa wa Saidi.

"Haya ni matusi. Nakichukua."

Kitabu kingine hatukuwa nacho.

Sikuwahi kusoma mbele ya watu. Nikasimama. "Bwana, naomba nimjibu kwanza."

Nikamfunulia ukurasa wangu mkononi mwake, nikasoma bila kukwama: "Watu wa Katsepy huvuka ghuba kwenda sokoni, lakini huaga kama wanakwenda Hija."

Darasa likaangua kicheko, Saidi kuliko wote. Mkaguzi akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Nani kakufundisha kusoma hivyo, binti?"

"Nilitaka kumjibu tu, bwana."

Akakirudisha kitabu mezani.

Saidi amefariki mwezi uliopita, ghafla, usingizini. Nilikwenda. Matangani mtani hutania kwanza, ndipo alie. Nikasimama mlangoni nikasema, "Saidi, leo umevuka na hukuaga."

Mjane wake akacheka hadi akashika ukuta. Kisha tukalia.

Nilichojifunza ni kidogo: mtoto akiwa na mtu wa kumjibu, atasoma. Walimu mliomo humu, mmewahi kuwaachia watoto waandike somo lao? Semeni, nami nitasoma taratibu. Mwenye kunitania pia aje, nafasi iko wazi.