Majeruhi wa Tano

Mwaka 1997 Filemoni wa Rusimbi alikuwa karani wa mkandarasi aliyepewa na serikali kazi ya kubeba wakimbizi kwa malori kutoka Katonga hadi kambini. Mkataba ulitaka kila kifo na kila jeraha kazini viripotiwe ofisi ya wilaya ndani ya siku moja.

Asubuhi moja lori lisilo na breki lilipinduka karibu na Simbo. Walikufa wakimbizi wawili, wakaumia wanne. Filemoni akaandika taarifa, akaficha nakala ya kaboni kifuani kama kawaida yake, kisha akampelekea bosi wake, mkandarasi Urbanus.

"Andika hakuna aliyekufa."

"Mzee, nimewafunika mimi mwenyewe."

"Karani mzima unalilia watu wasio na kwao!"

Urbanus akaichana taarifa, akaubana mkono wa kulia wa Filemoni mezani na kuuponda kwa spana ya magurudumu. Vidole vitatu vikavunjika. Akampiga mateke ya mbavu mpaka akamtemesha damu, akamburuta nje.

Jioni, kwenye benchi la ofisi ya wilaya, Filemoni aliitoa nakala iliyolowa damu, akaazima kalamu. Kwa mkono wa kushoto akaongeza chini ya majeruhi wanne: "Wa tano, karani. Vidole vitatu. Kapigwa na mkandarasi, kazini."

Ndipo akaikabidhi.